Nyimbo kwenye memori kadi au redio ya mtandaoni: uchague ipi, kwa kazi ipi

Mjomba wangu anaishi Maskati, miaka thelathini na kitu sasa. Jioni moja baada ya magharibi alinipigia simu, na tulipomaliza kuulizana hali akaniuliza: "Hebu niambie, mwanangu. Nikutumie hela ya memori kadi ya GB 64 unijazie taarabu zote ulizonazo, au niendelee na hizi redio za kwenye simu na programu za kulipia kila mwezi?" Nikamjibu papo hapo, "Kadi, mjomba." Simu ilipokatika ndipo nikatambua kuwa nimemjibu kwa mapenzi yangu, si kwa haja yake. Mimi ni mtu wa kuhifadhi. Nimekulia Tanga kwenye nyumba yenye kabati zima la kanda, na wimbo nisioweza kuushika mkononi bado naona kama nimeazimwa.

Basi nikalipima swali lake upya. Haya ndiyo niliyomweleza baadaye, pamoja na mengine yasiyomhusu yeye lakini huenda yakakuhusu wewe.

Ndani ni kitu kimoja

Upande mmoja tuna faili: wimbo ulioupakua au ulioingiziwa kibandani kwenye simu, flashi au memori kadi, ukakaa kwako. Upande wa pili tuna wimbo unaokujia kwa intaneti kila unapoutaka, au kila mtangazaji anapoamua kuupiga. Hapo ndipo zilipo redio zinazorusha matangazo mtandaoni, na pia programu za kutiririsha kama Spotify, Boomplay na YouTube.

Watu huzungumza kana kwamba hizi ni teknolojia mbili zinazogombea kiti, moja ya jana na nyingine ya kesho. Ukichungulia ndani huoni ugomvi huo. Redio nyingi za mtandaoni zinarusha MP3 au AAC (namna mbili za kubana sauti iwe nyepesi) zile zile tunazohifadhi kwenye flashi, ila huku zinakaa na kule zinapita.

MP3 ilitoka kwenye taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, na kile kimkia cha .mp3 kwenye jina la faili kilichaguliwa Julai 1995. Kazi yake ni kupunguza mzigo. CD hubeba kilobiti 1,411 kwa kila sekunde ya muziki. MP3 ya kawaida hubeba 128, yaani kama sehemu moja ya kumi na moja. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu inayajua mapungufu ya sikio la binadamu. Sauti kubwa huifunika ndogo iliyo jirani nayo, na kile ambacho sikio lisingekisikia, MP3 hukitupa.

Je, MP3 itakufa? Miaka zaidi ya kumi nimekuwa nikisikia kwamba inakufa, na bado kila sabufa inayouzwa Kariakoo ina tundu la flashi na inaisoma. Sababu moja kubwa ni kwamba Aprili 2017 utoaji wa leseni zake ulifungwa kwa kuwa hataza zilikuwa zimekwisha muda, hivyo mtengenezaji wa redio ya gari au simu ya vitufe hana wa kumlipa. AAC inaishinda MP3 kwenye viwango vidogo, ndiyo maana redio nyingi za mtandaoni zinaipenda: kilobiti 64 za AAC zinasikilizika vizuri, wakati MP3 ya 64 inaanza kupiga mluzi kwenye matoazi. Halafu kuna FLAC, ambayo haitupi kitu chochote. Inaukunja tu muziki mpaka ukaribie nusu ya ukubwa wa CD, na ukiukunjua unaupata mzima. Desemba 2024 FLAC ilichapishwa kuwa kiwango rasmi cha intaneti, na mwongozo wake uko wazi kwa yeyote. Faili ambalo fundi yeyote duniani anaruhusiwa kutengeneza kifaa cha kulisoma lina maisha marefu. Zile zilizokuwa na kufuli la kampuni moja ndizo zilizokwenda na kampuni zake.

Hapa niseme jambo moja kwa wanaopakua nyimbo kutoka kwenye video kisha wakajivunia kuwa ni za kilobiti 320. Kilichotupwa hakirudi. Ukichukua sauti ya kilobiti 128 ukaigeuza kuwa 320, umemimina kikombe cha maji ndani ya ndoo. Ndoo ni kubwa, maji ni yale yale, na kadi yako imejaa bure.

Hesabu ya bando

Kwa kilobiti 128, dakika moja ya muziki ni karibu MB 1. Wimbo wa Bongo Fleva wa dakika nne ni chini kidogo ya MB 4. Taarabu ya dakika 12 ni MB 11 na nusu. Sasa chukua taarabu hiyo unayoipenda, uisikilize mara thelathini kwa mwezi. Ukiwa nayo kama faili, umetumia MB 11 na nusu, basi. Ukiivuta mtandaoni upya kila mara kwa kiwango hicho hicho, umetumia MB 345. Wimbo mmoja huo.

Redio inayorusha kwa kilobiti 64 hula MB 29 kwa saa. Saa mbili kwa siku, mwezi mzima, ni GB 1.7. Ikirusha kwa 128, zidisha mara mbili. Spotify inakuruhusu kuchagua kiwango kuanzia kilobiti 24 hadi 320 au zaidi kwa wanaolipia, na wengi hawajawahi kuingia kwenye mipangilio kutazama wako wapi. Ukisikiliza kwa kutazama video, picha ndiyo inayokula bando, na mara nyingi hata huitazami. Simu iko kifudifudi mezani.

Kwa mjomba wangu, mwenye intaneti ya nyumbani isiyohesabiwa, haya yote hayana uzito. Kwa mtu wa Handeni anayenunua bando la siku, haya ndiyo maamuzi yenyewe. Ndiyo maana sipendi ushauri wa jumla unaosema faili zimepitwa na wakati. Zimepitwa wapi? Kwenye nyumba ya nani?

Na kama kituo unachokipenda kinasikika FM hapo ulipo, kisikilize FM. Simu nyingi za bei nafuu bado zina kipokezi cha FM. Unachomeka hedifoni, waya wake unakuwa antena, na bando halipungui. Mnara wa FM hauulizi wasikilizaji ni wangapi: gharama ya kurusha kwa watu kumi ndiyo ya watu laki moja. Mtandaoni kila msikilizaji anavutiwa uzi wake. Wasikilizaji 1,000 kwa kilobiti 64 ni megabiti 64 kila sekunde zinazotoka kwenye seva ya kituo, na kuna anayezilipia. Redio ndogo ya wilayani inaweza kumudu mnara wake ikashindwa na bili ya seva siku itakapopendwa sana mtandaoni.

Kile ambacho faili haliwezi

Nimeshajitangaza kuwa ni mtu wa faili, kwa hiyo naomba niaminike ninaposema kuwa hapa redio inashinda kwa mbali.

Kwenye kadi yangu hakuna wimbo nisioujua. Niliweka mwenyewe. Redio hunipigia kitu ambacho nisingekitafuta: qaswida ya watoto wa madrasa fulani ya Pemba, au rumba ya Kinshasa niliyoisikia mara moja utotoni na sikuwahi kulijua jina lake, mpaka mtangazaji alipolitaja. Programu za kutiririsha zinajaribu kufanya kazi hiyo kwa kukisia. Zinakisia kutokana na ulichosikiliza jana, basi zinakuzungusha kwenye ua lile lile. Mtangazaji mzuri anajua leo ni siku gani. Anajua kuwa mvua imenyesha Tanga, kwamba jana aliaga dunia mwimbaji wa zamani, kwamba mwezi umeandama. Redio ya nyumbani ukiwa ugenini ni salamu, matangazo ya vifo, bei ya unga, na ile lafudhi. Muziki ni nusu tu ya mambo.

Mjomba alinieleza kuwa Ramadhani yeye huwasha redio ya Zanzibar jioni hata kabla ya futari yake, ingawa huko Maskati jua huzama kabla ya Unguja na saa hazilingani. Anataka kusikia wenzake wanajiandaa. Faili gani litampa hilo?

Kasoro ya redio ya mtandaoni ni kuchelewa. Sauti hukatwa vipande, hutumwa, hukusanywa kwenye simu, ndipo huchezwa. Sekunde 20 au 30 hupotea njiani. Siku ya Simba na Yanga jirani mwenye FM atapiga kelele ya goli wakati kwako mpira bado uko katikati ya uwanja. Kwa muziki haina neno. Kwa mpira inauma.

Nani ameshika ufunguo

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu kila upande una msiba wake.

Msiba wa faili naujua kwa machungu. Nilikuwa na flashi ya GB 16 yenye dansi la zamani, nyimbo nilizozitafuta miaka mingi, nyingine niliziomba kwa watu ambao sasa ni marehemu. Asubuhi moja niliichomeka kwenye kompyuta, kompyuta ikaniambia haioni kitu. Sikuwa na nakala. Hakuna wa kumlaumu. Flashi na memori kadi zimetengenezwa za kubebea, si ghala. Tangu hapo kila ninachokithamini kiko sehemu tatu: diski ya nje iliyo nyumbani, nyingine kwa dada yangu Korogwe, na hifadhi ya mtandaoni.

Msiba wa upande wa pili ni kwamba mlango unaweza kufungwa na mtu ambaye hutamwona. Google Play Music, ambayo watu walipakia humo makusanyo yao, ilifungwa Desemba 2020. Machi 2019 Myspace ilikiri kuwa nyimbo zilizopakiwa kwake kabla ya 2016 zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Wasanii wengi wadogo walikuwa wameuachia mtandao huo nakala yao ya pekee. Hata zile nyimbo unazozipakua ndani ya Spotify kwa malipo ya mwezi hazijawa zako. Huwezi kuzihamishia kwenye sabufa, programu inakutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, na ukiacha kulipa zinafungwa.

Mipaka nayo inahusika. Binamu yangu aliyeko Uingereza alikuwa akisikiliza redio za Dar es Salaam kupitia Radio Garden, ile tovuti ya Uholanzi yenye tufe la dunia unalizungusha na kugusa mji wowote. Mwaka 2022, baada ya mahakama za Uingereza kuamua juu ya hakimiliki za redio za nje, Radio Garden ililazimika kuwafungia wasikilizaji wa huko vituo vya nchi nyingine zote. Kituo kiko hewani, mtangazaji anaongea, binamu yangu hasikii. Imebidi aende kwenye tovuti ya kituo chenyewe, na si kila kituo kina tovuti inayofanya kazi.

Kisha kuna bahari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, na intaneti ikalegea Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku hiyo nilikuwa kwenye kicheni pati ambayo DJ wake alizoea kuvuta kila kitu mtandaoni. Kila wimbo ulikuwa unakatika katikati ya ubeti. Aliyeokoa shughuli ni shangazi mmoja aliyekuwa na flashi ya taarabu kwenye mkoba wake.

Kuna ufunguo mwingine ambao watu hawauwazii: jina. Dansi letu la zamani limepakiwa mtandaoni na watu wa kila aina, na mara nyingi jina la bendi limekosewa, au mwimbaji amepewa sifa ya mwenzake. Kwenye programu ya kutiririsha huwezi kusahihisha. Kwenye faili lako unaweza: MP3 na FLAC zote zina nafasi ndani yake ya kuandika jina la wimbo, bendi, mtunzi, mwaka. Nimekesha usiku mwingi nikijaza nafasi hizo, wakati mwingine nikimpigia simu mzee ili kujua solo lilipigwa na nani. Naiona kuwa kazi ya maana, kwa sababu wanaoyajua majina hayo wanapungua.

Na msanii?

Kwa ufupi, kwa kuwa jambo hili lina mjadala wake. Kutiririsha hulipa kidogo kidogo kwa wengi. Spotify, tangu 2024, haihesabii malipo wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12, na hapo wanaoumia ni wasanii wadogo na nyimbo za zamani zenye wapenzi wachache waaminifu. Faili la kuingiziwa kibandani halimlipi msanii hata senti. Lakini kuna faili za halali: Mdundo, iliyoanzia Nairobi, hutoa MP3 kwa makubaliano na wasanii, gharama zikibebwa na matangazo, na Bandcamp humuuzia mnunuzi faili, hadi FLAC, ikikata asilimia 15 kwa kawaida. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala imeuza huko singeli ya Dar es Salaam kwa watu ambao hawajui hata Manzese iko wapi. Kama unampenda msanii na ana faili analouza, linunue. Mara nyingi ununuzi mmoja utamfaa kuliko wewe kumsikiliza mwaka mzima kwa kutiririsha.

Basi wewe ni nani?

Ukiwa dereva wa daladala au wa lori la Tunduma, flashi. Njia ina mabonde yasiyo na mtandao na abiria hawasubiri. MP3 za 128 hadi 192 zinatosha. Ndani ya gari lenye kelele FLAC ni kujaza nafasi tu.

Ukiwa kijana unayefuata nyimbo mpya za wiki hii, sioni kwa nini uhifadhi chochote. Sikiliza mtandaoni, shusha kiwango hadi 96 ukiwa kwenye bando, na zile chache zitakazobaki moyoni baada ya mwaka, zitafutie faili. Ukiwa DJ wa harusi, kila kitu kiwe faili, nakala mbili mfukoni. Kwenye hilo sina nafasi ya majadiliano.

Ukiwa mbali na nyumbani, redio ya mtandaoni ndiyo kwanza, na nakushauri uhifadhi anwani ya kituo chenyewe badala ya kutegemea programu inayokusanya vituo vyote, kwa yale yaliyompata binamu yangu.

Na kama una kanda za wazee ndani ya nyumba, acha yote uliyosoma hapo juu na uanze na hizo. Utepe wa kanda huota ukungu, hasa pwani kwetu. Tafuta redio kaseti nzima, safisha kichwa chake kwa spiriti, iunganishe na kompyuta kwa waya, rekodi kwa biti 16 na kilohezi 44.1 (kiwango cha CD), hifadhi kwa FLAC. Kisha kutoka hapo tengeneza MP3 za kugawa. Usirekodi moja kwa moja kwa MP3, kwani hutapata nafasi nyingine ya kurudia.

Kanda za marehemu baba nyingi si za dukani. Alizirekodi mwenyewe kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe, akisubiri mtangazaji amalize kutaja jina la bendi. Yale matangazo yalipita hewani mara moja yakaisha. Tunachokisikia leo kipo kwa sababu mtu wa Tanga alibonyeza kitufe. Redio za mtandaoni za leo nazo zinapita hivyo hivyo, usiku na mchana, na sijui wangapi wanabonyeza.

Nilimpigia mjomba tena. Nikamwambia abaki na redio zake za simu kwa jioni za Ramadhani na habari za nyumbani, aachane na programu ya kulipia kwa kuwa haina zile taarabu anazozitaka, na kadi nitamjazia: kwa MP3 ingebeba zaidi ya 5,000, lakini nitamwekea mia nne nilizozisafisha mwenyewe, kwa FLAC. Nikamweleza kuwa kwenye zile za baba nimeanza kukata sauti za watangazaji mwanzoni na mwishoni ili ubaki wimbo peke yake.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Zile usizikate. Niachie na saa anayoitaja."